Vuli kwenye kingo za maji: Duluti, Momella, Nyumba ya Mungu

Ijumaa jioni, Duluti

Mijakaranda ya mjini Arusha imechanua, maua ya zambarau yamejaa barabarani, na kila ikifika alasiri mawingu yanajikusanya kwenye mabega ya Meru. Huu ndio wakati ninaousubiri mwaka mzima. Huko Ulaya na Asia ya kaskazini baridi inaingia, wadudu wanatoweka, tope linaanza kuganda, na ndege waliokwenda kuzaa huko wanashuka kuja kwetu. Wa kwanza hufika Agosti. Ikifika Oktoba wamejaa. Wikiendi hii nimeipanga kwa ajili yao tu: leo Duluti, kesho Momella, keshokutwa Nyumba ya Mungu. Sisi wa Arusha na Moshi hatuna bahari, lakini kingo za maji tunazo, na ndege wengi wanaojulikana kuwa wa pwani hawajali kama maji ni ya bahari au ya ziwa. Wanachotafuta ni tope.

Nilitoka kazini saa kumi, nikapanda hiace ya Usa River na kushuka Tengeru, ambako rafiki yangu alikuwa ananisubiri kituoni. Yeye ni mwongoza watalii. Wiki nzima anaonyesha watu simba na tembo, na akipata siku ya mapumziko anakuja kutazama viumbe vyenye uzito wa gramu 20 au 30. Tulishuka kwa miguu tukipita kahawa na migomba hadi kwa watu wa misitu, tukalipa kiingilio, tukaingia kwenye njia inayozunguka ziwa.

Duluti ni ziwa la kreta. Maji yamejaa kwenye shimo la volkano, kwa hiyo kingo zinashuka ghafla na msitu unafika mpaka majini. Mnandi walikuwa wamekaa juu ya matawi makavu, mabawa wameyatandaza yakauke. Furukombe alilia kutoka ng'ambo, mwenzake akamjibu juu ya vichwa vyetu. Kenge mkubwa alijitosa majini tulipomkaribia. Ni mahali pazuri mno, ila kwa ndege wa tope hapa hakuna pa kusimama, maana mguu mfupi kuliko kidole cha mtu hauwezi kutembea penye kina. Ndiyo maana tulikuwa tunamtafuta mmoja tu, yule chamchanga wa kahawia mwenye tumbo jeupe ambaye anaridhika na jiwe au gogo.

Mzee mmoja alikuwa ameketi na mshipi wake, ndoo pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nini na hizo darubini?"

"Ndege, mzee. Mdogo hivi, anatembea ukingoni huku anatikisa mkia."

"Huyo si yuko pale kwenye gogo tangu mchana? Kila mwaka mvua zikikaribia anakuja, anakaa palepale. Akija mwenzake anamfukuza."

Tulimwona. Alikuwa anatembea juu ya gogo lililozama nusu, nyuma yake yote ikipanda na kushuka bila kupumzika, akidonoa wadudu kwenye magamba ya mti. Tulipomkaribia kidogo aliruka chinichini juu ya maji kwa mapigo mafupi ya mabawa yaliyokakamaa, akatoa sauti nyembamba mara tatu, akazunguka na kurudi kwenye gogo lake. Alichokisema mzee kwa maneno machache ndicho walichokithibitisha watafiti kwa kuwafunga ndege hawa pete miguuni: wengi hurudi mahali walipokaa mwaka uliotangulia, na kila mmoja hulinda kipande chake cha ukingo. Kwao wanakozaa ni kando ya mito yenye mawe, kuanzia Ulaya magharibi hadi Japani. Kati ya nchi zote hizo na Afrika yote hii, huyu anaijua njia ya kumfikisha kwenye gogo moja la Tengeru.

Tulilala Usa River kwa dada yangu. Aliandaa loshoro, tukala, tukasafisha vioo vya darubini, tukawahi kulala.

Jumamosi, Momella

Leo ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba, kwa sababu ndege wenyewe husafiri mara mbili. Sikuona mahali pengine pa kuwa siku kama hii.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaacha lami karibu na Usa River na kupanda kuelekea Ngongongare, lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Saa kumi na mbili lango linafunguliwa, na sisi tulikuwa gari la kwanza. Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi ulio ndani ya hifadhi, tuliipita bila kusimama sana. Twiga walikuwepo, nyati walikuwepo, pundamilia wamesimama katikati ya barabara wanatutazama. Msituni tulisikia hondohondo kabla ya kuwaona, sauti zao nzito zikitoka juu kabisa ya miti, na mbega wakaturukia kutoka tawi hadi tawi mikia yao myeupe ikining'inia. Siku nyingine ningekaa hapo hadi mchana. Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaunganishwa nayo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ndege zaidi ya aina 400 wamerekodiwa humu. Lakini leo tulikuwa na miadi na tope, na mwanga wa asubuhi haumsubiri mtu.

Kuhusu huo mwanga: ukifika Momella mapema, jitahidi uwe upande wa mashariki wa maji na Meru iwe mbele yako. Jua likiwa mgongoni kwako utaona rangi ya kila unyoya. Ukikaa upande wa pili utaona vivuli vyeusi tu vikitembea kwenye maji yanayometameta, na kwa ndege hawa wadogo, ambao tofauti zao ni mstari wa mgongoni au rangi ya mguu, hutaweza kumtambua hata mmoja.

Askari wa hifadhi alituongoza. Kutembea kwa miguu bila askari mwenye bunduki hakuruhusiwi, kwa sababu ya nyati, na kwenye Momella Ndogo kuna viboko pia. Huyu kaka anajua kazi yake. Alitutangulia hatua kumi, akasimama kwenye kila kichaka na kusikiliza, kisha akatuonyesha kwa mkono kwamba tupite.

Maziwa ya Momella yana historia inayosaidia kuelewa kwa nini ndege wanayapenda. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na mawe na matope yakamwagika kuja upande huu. Ukitazama mlima kutoka hapa unaiona wazi ile kreta iliyoachwa, imefunguka upande mmoja. Mporomoko ule uliacha vilima vidogo na mabonde, na maji yanayopita chini ya ardhi yakayajaza mabonde hayo. Ndiyo Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Kila ziwa lina kiwango chake cha madini na mwani wake, kwa hiyo moja ni la kijani, jingine la buluu, jingine linaelekea rangi ya udongo. Maji yana magadi, mtu hanywi, lakini mwani na wadudu wadogo wanaostahimili magadi hujazana humo. Tena maziwa hayana kina kirefu. Kiangazi kikikaza maji yanarudi nyuma na kuacha ukanda wa tope laini pembeni, upana wake pengine hatua tano, pengine hamsini. Ukanda huo ndio niliokuja kuutazama.

Watu wengi wakifika hapa macho yao yanakwenda kwa heroe moja kwa moja, na siwalaumu hata kidogo. Leo walikuwa mia kadhaa katikati ya Momella Kubwa, wamejipanga kwenye mstari wa waridi, vichwa chini. Wengi ni heroe wadogo, wenye midomo ya rangi nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Wachache warefu na weupe zaidi ni heroe wakubwa, mdomo wao wa waridi una ncha nyeusi. Wadogo wanachuja mwani, wakubwa wanachuja viumbe vidogo, na wote wanaugeuza mdomo juu chini ndani ya maji ili wale. Rangi yao inatokana na hicho chakula. Idadi yao hapa hupanda na kushuka, kwa sababu wanahama kati ya maziwa ya magadi kadiri mwani unavyostawi na kufifia, na mara nyingi wanaruka usiku. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki wamezaliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa hapa, ambako inakadiriwa kuwa takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa. Natron iliingizwa mwaka 2001 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, nami naona ilistahili kuingia mapema zaidi.

Tuliweka darubini kubwa ya miguu mitatu, tukaishusha chini ya heroe, kwenye tope.

Mara ya kwanza unaona tope tupu. Kisha kipande cha tope kinasogea. Unakaza macho, na unagundua kwamba ukanda mzima una uhai: vitwitwi, chamchanga wa ukubwa mbalimbali, na katikati yao wale wadogo kuliko wote, wenye miguu myeusi. Nilimshika mmoja kwenye kioo na kumfuata nusu saa nzima. Urefu wake haufiki sentimita 15. Mgongoni alikuwa na mistari miwili myeupe iliyokutana, alama ya ndege aliyezaliwa mwaka huuhuu. Alikuwa anakimbia hatua nne, anadonoa, anakimbia hatua tatu, anadonoa mara mbili, mdomo ukigusa tope kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Kila mara maji yalipopanda kidogo kwa upepo, alirudi nyuma kwa kiasi kilekile cha maji, asilowe tumbo. Kuna wakati alipata kitu kirefu chembamba, akakivuta, tope likakivuta, akaweka mguu mmoja nyuma na kukaza. Kilipotoka alikimeza akaendelea na kazi bila hata kuinua kichwa.

Ndege huyu ameanguliwa mwezi wa Juni au Julai kwenye nyika za baridi za kaskazini kabisa mwa Urusi au Norway, mahali ambapo majira hayo jua halizami. Wakubwa wa jamii yake huondoka kwanza. Watoto hubaki wakila, kisha wanaondoka wenyewe, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Wanapita Ulaya au Asia ya Kati, wanavuka jangwa, wanafika hapa chini ya Meru wakiwa na umri wa miezi mitatu. Haya nimeyasoma, nimeyasikia, nimeyaeleza kwa watu, na bado nikimwona mmoja akivuta mnyoo Momella kifua kinanijaa.

Pembeni yake kulikuwa na wenyeji. Kitwitwi mwenye mistari miwili myeusi kifuani na pete nyekundu jichoni haendi kokote; huyu ni wa hapahapa, anazaa hapahapa, na alikuwa anakimbia kati ya wageni kwa kujiamini. Ndege mweusi-mweupe mwenye mdomo uliopinda kwenda juu alikuwa anatembea kwenye maji ya magotini na kuupitisha mdomo kulia na kushoto juu ya tope, kama mtu anayefyeka majani. Wale wenye miguu mirefu ya waridi walisimama nyuma zaidi, kwenye kina ambacho wengine wote hawawezi. Nilichopenda ni huo mpangilio. Mwenye mguu mfupi kwenye tope lililolowa, wa kati kwenye maji ya vidole viwili, mrefu ndani zaidi, heroe mbali kabisa, na mabata juu ya kina. Hatua kumi za ukingo zinalisha aina saba au nane bila kugombana. Ukanda huo ukikanyagwa, ukilimwa au ukijazwa kifusi, ziwa litabaki na maji yake na kwenye picha halitaonekana kupungua chochote, lakini nusu ya ndege wake hawatakuwa na pa kula.

Saa tatu jua lilipopata nguvu, keremkerem walianza kupita juu. Kwanza sauti, ile ya kuviringika kooni, kisha wenyewe, labda arobaini, wakizunguka juu ya migunga huku wakidaka nyuki. Hawa ni wale wa Ulaya, mgongo wa kahawia-dhahabu na koo la njano, wanakwenda kusini zaidi. Chini yao mbayuwayu walikuwa wanakata juu ya maji kwa mamia. Kwenye mgunga mmoja rafiki yangu alinionyesha ndege mdogo wa kijani-njano asiyetulia, akipekua jani baada ya jani. Uzito wake ni gramu 10 hivi. Wapo wa jamii hii wanaotoka Siberia ya mashariki hadi Afrika, na hawana mwili wa kuelea juu ya upepo. Wanapiga mabawa njia nzima.

Wote hawa ni wangapi? Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hilo. Makadirio yake, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalikuwa ndege wapatao bilioni 5 wanaoingia Afrika kutoka Ulaya na Asia kila mwaka. Watafiti waliokuja baadaye wameishusha namba hiyo hadi kama bilioni 2. Hata iwe hiyo ndogo, ni vigumu kuishika kichwani. Mimi huanza na mmoja kwenye kioo.

Karibu saa nne alifika mama mmoja na watoto watatu, wametoka Arusha mjini kutembea. Watoto walitazama heroe, wakapiga picha, kisha mkubwa wao, msichana wa miaka kumi hivi, akaja kusimama karibu na darubini yetu.

"Shikamoo. Naomba nione."

Nilimshushia miguu ya darubini. Alikaa kimya muda mrefu. Rafiki yangu akamweleza safari ya yule mdogo, Urusi, jangwa, Meru.

"Anarudi kwao lini?"

"Aprili, Mei."

Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo huku anakaa miezi mingi kuliko huko."

Ndivyo ilivyo. Kule wanakaa kama miezi miwili, wazae, waondoke. Miezi miwili mitatu mingine wako njiani. Inayobaki yote, na ndiyo mingi, wako kwenye tope la Afrika. Wanapata manyoya mapya hapa, wanaponea hapa, na mafuta ya kuwarudisha kaskazini wanayaweka hapa. Wengine uzito wao hukaribia kuwa mara mbili kabla ya kuondoka. Vitabu vingi vya ndege vimeandikwa na watu wa kule, nao ndio waliotuzoesha kufikiri kwamba hawa ni wao na huku wanakuja kukimbia baridi tu. Mtoto amehesabu kwa vidole akaliona. Mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia ulipatikana The Hague mwaka 1995, na Tanzania ni mwanachama. Maana yake jukumu limegawanywa, na sehemu yetu ndiyo ya miezi mingi.

Mama alikuja naye kutazama, akasema, "Kumbe hapa chini nako kuna watu," tukacheka wote. Walikaa nasi hadi jua likawa kali.

Mchana tulikula chapati na mayai, tukamshukuru askari, tukarudi barabara kuu. Rafiki yangu aliacha gari Usa River. Tulipanda basi la Moshi, tukapita Boma Ng'ombe giza likiingia.

Jumapili, Nyumba ya Mungu

Mwenyeji wetu wa Moshi alituamsha saa tisa na nusu usiku na mtori wa moto. Kaka huyu ana pikapu, na ndiye aliyetupeleka. Tulipita Himo, tukaelekea njia ya Mwanga, kisha tukaacha lami kwenda kulia. Baridi ya Moshi iliishia njiani. Huku chini ni nchi kavu, migunga na miswaki, vumbi laini, Milima ya Upare nyuma yetu. Kulipopambazuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi kaskazini, haina wingu.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960 mahali Mto Kikuletwa unapokutana na Ruvu, na kutoka hapo ndipo Pangani inapoanza safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Kituo cha umeme chini ya ukuta kina uwezo wa megawati 8. Kikuletwa inakusanya mito ya Meru, ukiwemo Tengeru na Usa. Ruvu inaleta ya Kilimanjaro na ya Ziwa Jipe. Kwa hiyo sehemu ya maji niliyoyavuka kwa hiace siku ya Ijumaa ndiyo niliyoyakuta yametulia mbele yangu Jumapili. Wanachochota wakulima wa Arumeru na Hai hakifiki huku, na bwawa likishuka, ukingo unasogea kwa umbali mkubwa kwa sababu ardhi ni tambarare.

Hapa hakuna askari wala lango. Ni ukingo wa kazi. Mitumbwi ilikuwa inarudi na perege na kambale, akina mama wamesimama na mabeseni wanasubiri, ng'ombe wa Wamaasai wameshuka kunywa, na kati ya miguu ya ng'ombe hao yangeyange. Wari walikuwa wanaelea kwa makundi karibu na mitumbwi. Kwenye tope, idadi iliyotushangaza: chamchanga wenye madoa mgongoni, wengine wakubwa wenye shingo ndefu, na wale wadogo wa miguu myeusi wengi kuliko Momella. Walikuwa wanakula hatua chache tu kutoka kwa watu waliokuwa wanatoa samaki kwenye nyavu, na hakuna aliyemjali mwenzake.

Kijana mmoja mvuvi alitukaribia. "Kaka, hawa si ndio wanaotumalizia samaki?"

Rafiki yangu akampa darubini. Wari na mnandi ndiyo, wanakula samaki, hilo hatukumficha. Hawa wadogo hawawezi hata kumeza kifaranga cha perege; wanakula minyoo na wadudu wa kwenye tope. Alitazama akasema, "Kweli, wanachokonoa tu."

Yeye ndiye aliyemwona. Mita thelathini mbele yetu mmoja wa wale wadogo alikuwa anaruka na kuanguka, anaruka na kuanguka. Kijana alimfuata taratibu, akamfunika kwa fulana yake, akamleta. Uzi wa wavu mkuukuu ulikuwa umemzunguka mguu wa kushoto mara nyingi, umekaza hadi ngozi imevimba juu na chini yake. Rafiki yangu alimshika, kichwa kati ya vidole viwili, mwili kwenye kiganja. Kijana alitoa wembe mfukoni, akafungua uzi mmoja mmoja, akiingiza ncha ya wembe kwa chini na kuinua ili usiguse ngozi. Ilichukua muda. Niliyaona yale manyoya kwa karibu: kila unyoya wa mgongoni una kitovu cheusi na ukingo mwembamba wa kutu, umepangwa juu ya mwingine bila pengo. Moyo wake ulikuwa unadunda hadi nyama ya kiganja cha rafiki yangu inatikisika.

Kijana aliomba amshike. Akamweka kiganjani, akapandisha na kushusha mkono kidogo.

"Mbona hana kitu? Huyu ndiye ametoka Urusi?"

"Huyo."

Alimfungulia mkono. Ndege aliruka chinichini, akatua mbali kidogo, akasimama kwa mguu mmoja, kisha akaushusha wa pili na kuanza kutembea akichechemea. Baada ya dakika kumi alikuwa anakula. Sijui mguu utaponaje, lakini ana miezi saba ya kupona kabla ya safari.

Vipande vya nyavu za nailoni vimejaa ukingo ule. Vimefukiwa nusu kwenye tope, rangi imepauka, huvioni hadi ukanyage. Havitoki kwa mtu mmoja na wavuvi hawavitupi kwa ubaya. Wavu ukichanika unakatwa, kinachobaki kinaachwa hapohapo. Tulitembea na yule kijana na wenzake wawili tukavikusanya hadi kiroba kikajaa. Mmoja wao alisema nyuzi zilezile zinawanasa ng'ombe kwato, na mwenye ng'ombe akija juu wanagombana. Sababu hiyo naona ina nguvu pale kuliko maelezo yangu yote ya Urusi, na ningependa viongozi wa wavuvi waisikie: pipa moja la kutupia nyavu chakavu kwenye kila mwalo, na mtu wa kulimwaga. Gharama yake ni ndogo mno kwa kitu kinachookoa miguu ya ndege na ya ng'ombe.

Tuliondoka saa tano, joto likiwa kali. Mama mmoja alituuzia perege wa kukaanga, tukala garini.

Jumatatu, Arusha

Nimetuma orodha za ndege wa siku zote tatu kwa wanaokusanya hesabu zao, kila ukingo na idadi yake. Za Nyumba ya Mungu ndizo ninazozithamini zaidi, kwa sababu Momella inatembelewa na kuandikwa na wengi, na ukingo wa wavuvi hauandikwi na mtu. Namba za watu wa kawaida zinasaidia. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu 1967, inategemea zaidi watu wa kujitolea wenye darubini na daftari.

Saa mbili asubuhi kijana wa bwawani amenitumia ujumbe wa sauti. Usiku mvua ilipiga upande wa Upare, na kulipokucha kuna kundi la korongo weusi wenye matumbo meupe limeshuka mashambani, hajawahi kuwaona wengi hivyo. Anauliza hao nao ni wa Urusi? Nimemjibu hapana, hawa ni Waafrika. Wanazaa Sahel, kuanzia Senegali hadi Sudani, na wanafuata mvua kuja kusini. Viwavijeshi wakizuka, hao ndio wa kwanza kuwala, kwa hiyo awaambie wenye mashamba wasiwafukuze. Akajibu amesikia, na akauliza tunarudi lini. Januari, nimemwambia, kwa ajili ya kuhesabu, na safari hii tutakuja na darubini ya ziada.